Kukagua, Kupima na Kufukua: Lugha ya Akiolojia katika Mfano wa Olorgesailie, Kajiado

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza uchunguzi wa kiakiolojia, hasa ile hatua ya awali ambapo watafiti hutembea juu ya ardhi kabla ya kuchimba. Mfano mkuu ni eneo la Olorgesailie katika Kaunti ya Kajiado, Kenya. Eneo hilo limelinganishwa kwa ufupi na nyumba ya wavumbuzi wa Kiholanzi waliokaa majira ya baridi karibu na ncha ya kaskazini ya dunia mwaka 1596 hadi 1597. Hoja ya makala ni kwamba katika taaluma hii neno si chombo cha kutaja tu, kwani linaweza kubeba hukumu ambayo ushahidi haujaitoa. Kwa hiyo istilahi zetu hazina budi kutenganisha kinachoonekana na kinachokisiwa. Aidha, makala yanaonyesha kuwa maneno mengi tunayoyahitaji tayari yamo vinywani mwa mafundi ujenzi, wavuvi na wafugaji.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa akiolojia ni nini, aghalabu hujibu kuwa ni taaluma ya kuchimba vitu vya kale. Jibu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya kazi ya mwanaakiolojia hufanyika kabla jembe halijagusa udongo. Pili, kinachotafutwa si vitu peke yake, bali uhusiano baina ya kitu na kitu, na baina ya kitu na mahali kilipo. Shoka la mawe lililowekwa juu ya meza ya ofisi ni jiwe zuri. Shoka hilohilo likiwa ndani ya tabaka lake la udongo, kando ya mfupa wa tembo na chini ya jivu la volkeno, ni ushahidi.

Matokeo ya utafiti wa Olorgesailie yameandikwa kwa wingi mno katika Kiingereza. Msomi wa Kiswahili anayetaka kuyaeleza darasani, kwenye kitabu cha shule au katika mkutano wa wananchi hukumbana na tatizo la istilahi. Tatizo lenyewe si uhaba wa maneno, kwani maneno yapo. Shida ni kwamba tunatumia neno moja kwa dhana tatu, au tunachukua neno lenye hukumu ndani yake bila kuipima. Sehemu zifuatazo zinafafanua hali hiyo.

2.0 Olorgesailie na Historia ya Uchunguzi Wake

Olorgesailie iko katika Bonde la Ufa, takriban kilomita 70 kusini-magharibi mwa Nairobi, kando ya barabara ya kwenda Magadi. Leo ni nchi kavu yenye migunga, vumbi jeupe na makorongo. Hapo kale palikuwa na ziwa ambalo lilijaa na kupungua mara nyingi. Mashapo yake yaliwekwa tabaka juu ya tabaka kuanzia miaka takriban 1,200,000 iliyopita hadi miaka takriban 490,000 iliyopita. Volkeno za jirani zilimwaga majivu juu ya mashapo hayo, na majivu hayo ndiyo yanayowawezesha wataalamu kukadiria umri wa kila tabaka kwa kupima gesi ya argoni iliyomo katika chembe za madini. Baadaye ardhi ilipasuka na kuinuka, maji ya mvua yakachonga makorongo, na yaliyokuwa yamezikwa yakaanza kuonekana.

Mwaka 1919 mjiolojia J. W. Gregory alipita katika eneo hilo na kuona zana za mawe. Mwaka 1942 Mary Leakey na Louis Leakey walifika wakikagua ardhi kwa miguu, wakakuta shoka za mkono zimetapakaa kwa wingi usiotarajiwa. Kazi ya kufukua ilifuata, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo walikuwamo mateka wa vita wa Kiitaliano. Mwaka 1947 eneo lilifunguliwa kwa wageni. Katika miaka ya 1960 Glynn Isaac alifukua upya kwa utaratibu wa kina, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1977. Tangu mwaka 1985 Richard Potts wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani ameongoza utafiti kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Matokeo ya awamu hii ya mwisho ni mazito. Mwaka 2003 vilipatikana vipande vya fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi miaka takriban 900,000 iliyopita. Mwaka 2018 watafiti walieleza kuwa kufikia miaka takriban 320,000 iliyopita shoka kubwa za mkono zilikuwa zimeachwa, na mahali pake zimeshikwa na zana ndogo za Zama za Kati za Mawe. Baadhi ya zana hizo zilitengenezwa kwa obsidiani, yaani jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kioo. Obsidiani hiyo ilitoka umbali wa kilomita 25 hadi 50 na hata zaidi. Yalipatikana pia mawe ya rangi nyeusi na nyekundu yenye dalili za kutumiwa na binadamu. Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa ya nguzo ya mashapo yenye urefu wa mita 139, iliyotolewa ardhini kwa kekee mwaka 2012 katika bonde jirani la Koora. Nguzo hiyo inaonyesha mabadiliko ya mazingira kwa muda wa miaka takriban milioni moja.

Msomaji atambue kuwa kila hatua katika mlolongo huu ilianza na mtu aliyetembea akiangalia chini. Hatua hiyo ndiyo isiyo na jina thabiti katika Kiswahili.

3.0 Kukagua, Kupima na Kufukua

Katika maandishi mengi, shughuli yote ya mwanaakiolojia uwandani huitwa "uchunguzi" au "utafiti". Maneno hayo ni mapana mno. Wengine huiita hatua ya awali "upimaji", kwa kufuata mazoea ya taaluma ya ardhi. Neno hili ni zuri mahali pake, lakini Kajiado lina historia.

Sheria ya mwaka 1968 iliyosimamia ardhi ya pamoja ilizifanya sehemu kubwa za Kajiado kuwa ranchi za vikundi. Baadaye ranchi hizo zilianza kugawanywa kwa watu binafsi. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Kwa mfugaji aliyeishi kipindi hicho, "mpimaji" ni mtu anayefika na minyororo na vigingi, na akishaondoka ardhi si ya wote tena. Mtafiti anayemwambia mzee wa mahali hapo, "Tumekuja kupima," amesema jambo zito kuliko alivyokusudia. Ridhaa itakayotolewa au kunyimwa itakuwa ya jambo jingine kabisa.

Napendekeza basi tutenganishe vitenzi vitatu.

Kukagua ni kutembea juu ya uso wa ardhi kwa utaratibu, watu wakiwa wamejipanga mstari na kuachana kwa hatua zinazolingana, wakiandika kila wanachokiona bila kukiondoa. Kitenzi hiki kinafaa kwa sababu maana yake ya kawaida inabeba mwiko huo: mkaguzi wa shule huangalia, huandika, huenda zake, wala habebi dawati. Nomino yake ni ukaguzi wa uso wa ardhi.

Kupima ni kutia vipimo: umbali, mwinuko, mwelekeo na ukubwa. Hatua hii huja baada ya kukagua, na hurudiwa kila wakati kazi inapoendelea. Kinachopimwa ni mahali pa zana au mfupa, si mpaka wa shamba la mtu. Inapotajwa mbele ya wananchi, ni vyema itajwe pamoja na yambwa yake: kupima mahali pa zana, kupima kina cha tabaka.

Kufukua ni kuondoa udongo kidogo kidogo ili kufichua kilichozikwa. Kitenzi hiki ni sahihi zaidi kuliko kuchimba, kwa kuwa anayechimba hutaka shimo, ilhali anayefukua hutaka kitu kilichomo. Mtu huchimba kisima na kufukua hazina. Vilevile kufukua kuna uzito wa kimaadili, maana hutumiwa pia kwa maiti. Uzito huo unatukumbusha kwamba tabaka likishafukuliwa halirudi, na ukurasa uliosomwa kwa kuchanwa hausomeki mara ya pili.

4.0 Kambi, Dago au Mkusanyiko?

Tatizo la pili ni la majina tunayoyapa maeneo. Palipoonekana Olorgesailie shoka nyingi pamoja na mifupa ya wanyama, palifikiriwa kuwa ni makazi, mahali ambapo wawindaji walirudi na nyama, wakakaa na kula. Katika sehemu moja yalipatikana mabaki ya makumi ya nyani wakubwa wa spishi iliyokwisha kutoweka, na ikadhaniwa kuwa ni matokeo ya mawindo ya pamoja. Mwandishi wa Kiswahili anayefuata tafsiri hiyo ataandika "kambi ya wawindaji" na msomaji atamwamini.

Lakini Isaac aliuliza swali gumu: je, vitu hivi vililetwa pamoja na watu au na maji? Vijito vya msimu vinaweza kuzoa mawe na mifupa kutoka sehemu mbalimbali na kuvirundika katika mkondo mmoja. Ili kujibu, mtafiti hutazama kama makali ya zana yamelika kwa kubingirika, kama mawe marefu yameelekea upande mmoja, na kama vipande vidogo vya kuchongea vipo au vimechukuliwa na maji. Katika baadhi ya sehemu majibu yalionyesha kuwa maji yalishiriki. Katika sehemu nyingine, watu walikuja, wakatumia mawe waliyoyatoa kwenye mwamba wa mlima wa Olorgesailie, wakachinja mnyama, kisha wakaondoka. Hapo palifanyika kazi, lakini hatuna haki ya kusema palilaliwa.

Tofauti hii inaonekana wazi tukilinganisha na mahali ambapo hakuna shaka kuwa watu walikaa. Mwaka 1596 meli ya Waholanzi iliyokuwa ikitafuta njia ya kaskazini ya kufika Uchina ilinaswa na barafu katika visiwa vya Novaya Zemlya, ambavyo leo ni sehemu ya Urusi. Willem Barents na wenzake, jumla watu 17, walijenga nyumba kwa magogo yaliyoletwa na bahari na mbao za meli yao. Walikaa humo majira yote ya baridi. Walionusurika waliondoka kwa mashua mwaka 1597, na Barents mwenyewe alifia njiani. Mmoja wao, Gerrit de Veer, aliandika habari za safari hiyo, nazo zikachapishwa mwaka 1598. Nyumba ilibaki bila kuguswa hadi mwaka 1871, nahodha wa Kinorwe Elling Carlsen alipoifikia na kukuta vyombo, silaha na zana humo ndani.

Kiswahili kina neno linalofaa kabisa kwa makao ya namna hiyo, nalo ni dago. Wavuvi wa pwani yetu hupiga dago wanapokwenda kuvua mbali na kwao. Hukaa kwa kipindi, hujenga vibanda, hupika, hukausha samaki, kisha hurudi nyumbani. Nyumba ya Barents ilikuwa dago la majira ya baridi, hata kama waliolipiga hawakupanga kulipiga. Vibanda vya Robert Scott na Ernest Shackleton katika Antaktika, vilivyojengwa mwaka 1911 na 1908, ni madago pia. Ukuta, jiko, kitanda na akiba ya chakula vinashuhudia hivyo.

Olorgesailie haina ushahidi wa aina hiyo. Kwa hiyo jina la haki kwa sehemu zake nyingi ni mkusanyiko wa zana, au mkusanyiko wa zana na mifupa. Jina hili linaeleza kinachoonekana na kuliacha swali la sababu likiwa wazi. Ukaguzi ukishakamilika, vipimo vikatolewa na tabaka zikasomwa, ndipo mkusanyiko unaweza kupandishwa daraja na kuitwa mahali pa kuchinjia, karakana ya kuchonga mawe au dago. Jina la hukumu lije mwisho wa kesi.

5.0 Kitu na Mahali Pake

Mifano hii miwili inafunza jambo jingine. Carlsen alichukua vitu vingi alivyovikuta katika nyumba ya Barents. Vitu hivyo vilihifadhiwa, na vingi vimo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum mjini Amsterdam, lakini vilitenganishwa na sakafu vilipokuwa vimelala. Katika miaka ya 1990 timu za Waholanzi na Warusi zilirudi Novaya Zemlya kukagua na kufukua kwa utaratibu. Zilikuta mabaki ya msingi wa nyumba na vitu vilivyosalia, zikajitahidi kujenga upya mpangilio uliokuwa umevurugwa.

Olorgesailie ilibahatika kupata uamuzi tofauti. Sehemu ya shoka za mkono zilizoonekana na Mary Leakey zilifichuliwa na kuachwa zilipo, na wageni wakawekewa njia ya mbao iliyoinuliwa ili watazame kutoka juu bila kukanyaga. Hadi leo mwanafunzi anaweza kusimama hapo na kuona shoka zikiwa zimelala ubavu kwa ubavu. Anachokiona ni uhusiano wa vitu, ambao kabati la kioo haliwezi kuuonyesha.

Kwa ajili ya kufundisha jambo hili, tunahitaji istilahi chache za msingi. Nyingi kati ya hizi zimo katika kazi za mikono za kila siku:

Tabaka: safu moja ya udongo au jivu iliyowekwa katika kipindi kimoja.
Mashapo: udongo uliotuama kutoka majini.
Kisukuku: sehemu ya kiumbe iliyogeuka kuwa jiwe.
Mahali asilia: mahali kitu kilipozikwa na hakijahamishwa tangu hapo.
Kilichohamishwa: kitu kilichotolewa katika mahali asilia na maji, mnyama au mtu.
Mraba: kipande cha ardhi kilichozungushiwa ugwe ili kifukuliwe na kuandikwa peke yake.
Mwiko: kifaa cha chuma cha kukwangulia udongo, kilekile cha mwashi.
Chekeche: wavu wa kupepetea udongo ili vipande vidogo visipotee.
Timazi na pimamaji: vifaa vya kuhakikisha wima na ulalo wa ukuta wa shimo.

Mwalimu atakayefundisha orodha hii ataona kuwa wanafunzi wanayajua maneno mengi kabla ya somo. Jipya kwao ni matumizi, na hiyo ni faida kubwa kwa mwalimu. Istilahi inayoegemea jambo linalojulikana hukaa kichwani kuliko ile inayokaririwa kwa ajili ya mtihani.

6.0 Kitengela: Ukaguzi Mbele ya Ujenzi

Huenda msomaji akauliza kama suala hili linamhusu mtu asiyekuwa mtafiti. Kitengela inajibu. Mji huu uko kwenye nyanda za Athi na Kapiti, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Katika kizazi kimoja malisho yamegeuka kuwa viwanja, maduka, nyumba za kupanga na machimbo ya mawe ya kujengea. Ng'ambo, upande wa Machakos, kuna kilima cha Lukenya, ambako watafiti wamepata zana za Zama za Mwisho za Mawe, vipande vya fuvu la binadamu na mabaki ya wafugaji wa kale. Nyanda hizi hazikuwahi kuwa tupu, na hakuna sababu ya kudhani kuwa wale wa kale waliheshimu mpaka wa kaunti.

Sheria imetoa nafasi. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kufukua bila leseni, na inamtaka aliyegundua kitu cha kale kuyaarifu Makumbusho ya Taifa. Hata hivyo, nyumba nyingi za Kitengela si miradi mikubwa. Ni kiwanja kimoja, fundi mmoja na vibarua wawili wanaochimba msingi. Mtu wa kwanza kuona jiwe lililochongwa au mfupa uliogeuka jiwe atakuwa yeye mwenye sepetu, wala hatakuwa na nafasi ya kusoma jarida la kisayansi.

Mtu huyo husema Kiswahili. Mwiko na timazi viko mkononi mwake. Akiambiwa kwa lugha yake kwamba jiwe la namna fulani likionekana lisiondolewe, liwekewe alama, lipigwe picha mahali lilipo na taarifa itolewe, ataelewa mara moja kwa nini mahali ni muhimu. Yeye mwenyewe anajua kuwa tofali lililoondolewa ukutani halisemi tena nyumba ilikuwa na urefu gani. Maelezo hayo yakikosekana katika Kiswahili, jiwe litakwenda pamoja na kifusi, na hakuna atakayejua kuwa lilikuwapo.

Hapo ndipo ilipo dhamana yetu. Mabango ya maeneo ya kale, vijitabu vya waelekezi, mitaala na fomu za taarifa vinahitaji Kiswahili kinachoeleweka na kisichopotosha. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wanaakiolojia peke yao, kwa kuwa wao wana ujuzi wa tabaka na sisi tuna ujuzi wa maneno. Kajiado inahitaji pia upande wa tatu, nao ni wasemaji wa Kimaasai, ambao majina yao ya vilima, mito na makorongo ndiyo yaliyomo katika ramani za watafiti. Istilahi itakayobuniwa bila wao itakuwa imekagua nusu ya uwanda.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa Kiswahili kinaweza kutenganisha kukagua, kupima na kufukua. Kinaweza pia kutofautisha dago lenye ushahidi wa watu kukaa na mkusanyiko ambao sababu yake bado inatafutwa. Tofauti hizi zinamlinda mfugaji asitoe ridhaa ya jambo asilolijua, zinamlinda msomaji asiamini hukumu iliyotangulia ushahidi, na zinayalinda mabaki yenyewe.

Inapendekezwa kuwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na idara za akiolojia za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki katika kukusanya istilahi uwandani, kuanzia kwa waelekezi na wafukuaji ambao wamekuwa wakiifanya kazi hii kwa Kiswahili kwa miaka mingi pasipo maneno yao kuandikwa. Ziara ya siku moja Olorgesailie, kalamu na daftari mkononi, inaweza kuwa mwanzo. Wanafunzi wajipange mstari, watembee polepole, waandike kila neno wanalolisikia na nani kalisema, tena mahali gani na kuhusu kitu gani. Kwa maneno mengine, waikague lugha kama ardhi inavyokaguliwa, bila kuling'oa neno kutoka mahali pake.